Kila daraja lifunguliwe jalada lake: barua ya wazi kwa Bodi za Barabara za Lindi na Mtwara

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za Barabara, Mikoa ya Lindi na Mtwara,
na Ndugu Mameneja wa TANROADS na TARURA, wakala za barabara za serikali, mlioko mikoani na wilayani.

YAH: KUFUNGUA JALADA KWA KILA DARAJA NA KALAVATI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mnisamehe kwa kuanza hivyo. Kwa miaka 31 nimepokea barua zinazoanza kwa maneno hayo, nimezigonga mhuri, nimezipa folio (namba ya karatasi ndani ya jalada), nimezipeleka kwa wakubwa na kuzirudisha kabatini. Mimi ni mtunza kumbukumbu mstaafu, mkazi wa Mingoyo hapa Lindi. Uhandisi sikuusomea, na zege naijua kwa kuikanyaga tu. Ninachokijua ni jalada: linavyofunguliwa, linavyonenepa, linavyoazimwa likakaa chini ya meza ya mtu miezi saba, na linavyowekwa mahali ambapo hata aliyeliweka hatalipata tena.

Nawaandikia habari za madaraja kwa sababu ya jambo lililopita mezani kwangu mwaka wangu wa mwisho kazini.

Ofisi ile siitaji, wala walionitangulia siwataji. Wengi walikuwa watu wema na baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Tuliagizwa kuchambua majalada ya zamani, yapi yahifadhiwe na yapi yateketezwe, kama Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inavyotaka. Nikayatandaza juu ya meza mbili tulizoazima kantini. Katika kupekua, jina la korongo moja likawa linanirudia. Korongo hilo nalifahamu, liko njia ya kwenda kwa wakwe zangu, lina kalavati la mabomba mawili ambalo kila masika lazima watu walitaje. Nililikuta kwenye jalada la mkataba wa matengenezo ya kawaida. Nikalikuta tena kwenye jalada la mkataba mwingine wa miaka miwili baadaye. Nikalikuta kwenye kazi za dharura. Kisha nikalikuta, na hapo ndipo nilipovuta kiti nikakaa, kwenye jalada lenye kichwa "Malalamiko ya Wananchi", ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mhandisi akiliomba.

Nikachukua kaunta buku la kwaya tatu, nikaanza kunakili. Ilinichukua siku tatu. Nilipomaliza nilikuwa na historia ya kalavati lile kwa miaka tisa, na ingekuwa historia ya kuchekesha kama isingekuwa fedha za watu. Gabioni, yale makapu ya waya yaliyojazwa mawe, za upande maji yanakoshukia, zilinunuliwa mara nne. Mara nne mawe yaliletwa kwa lori, yakapangwa, yakafungwa waya, na korongo likayala. Wahandisi watatu walisaini kwa nyakati tofauti, kila mmoja mgeni wa eneo, kila mmoja akiamini anatibu ugonjwa mpya. Wakandarasi nao walibadilika. Na kila jalada ukilisoma peke yake halina dosari: mkataba upo, vipimo vipo, hati ya malipo ipo, picha ipo. Mkaguzi wa hesabu asingekuwa na pa kushika.

Barua ya malalamiko ilikuwa ya mtendaji wa kijiji, kalamu ya bluu, ukurasa mmoja na nusu. Alieleza kwamba mashamba mapya yamefunguliwa juu ya korongo, magogo na visiki vinashuka na maji na kuziba midomo ya mabomba. Maji yakikosa njia yanapanda, yanapita juu ya barabara, yanaporomokea upande wa pili, na huko ndiko yanakochimba chini ya gabioni. Akaandika kwamba mwaka ule maji yalifika kwenye shina la mwembe wa shule. Akaomba midomo izibuliwe kabla ya mvua, na uwezo ukiruhusu liongezwe bomba la tatu. Barua ilipokelewa, ikapewa folio 14, ikajibiwa kwa mistari mitatu kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Ikalala hapo huku gabioni za tatu na za nne zikinunuliwa katika jalada la jirani, kabati lilelile, rafu ya chini.

Hakuna aliyeiba. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwetu ukitaja fedha za barabara watu hukimbilia kumtafuta mwizi. Na hakuna aliyezembea kwa namna tunayoizoea; fedha zilitoka, kazi ilifanyika. Kwenye uzinduzi wa miradi tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kalavati hili ufa wake ulizibwa mara nne, na kila aliyeuziba alidhani ni wa kwanza. Kosa lilianzia kwetu sisi wa masijala na kwa waliotupangia mfumo wa majalada. Mkataba una jalada. Mkandarasi ana jalada. Mwaka wa fedha una kabati zima. Daraja, ambalo hubaki palepale mkataba ukiisha na mkandarasi akishaondoka na mitambo yake, halikuwa na jalada hata moja.

Mwalimu akihamishwa kutoka Nachingwea kwenda Tandahimba, jalada lake binafsi linamfuata, na bosi mpya atajua aliajiriwa lini, alipanda daraja lini na aliwahi kupewa onyo gani. (Nimecheka peke yangu: mwalimu anapanda daraja na daraja lake limeandikwa, daraja la mtoni halina hata karatasi.) Ombi langu kwenu ni hilo tu. Kila daraja, kila kalavati kubwa, kila drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake), lifunguliwe jalada lake, na kila kitakachofanyika juu yake, kwa fedha yoyote na mkataba wowote, nakala yake iingie humo.

Najua mtasema mifumo ya kompyuta ipo. Naijua. Nimestaafu nikiiacha ofisini, na manunuzi yote siku hizi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Kompyuta ni kabati lenye mwanga. Ukiliingizia kumbukumbu kwa mkataba, litakutolea kwa mkataba. Kama ofisi yako imeshavuka hapo, na leo ukibonyeza jina la kalavati moja unaona kila shilingi iliyowahi kuingia pale tangu lijengwe, basi barua hii ipokee kama salamu, uendelee na kazi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo la masijala ni jambo la bajeti.

Nimehudhuria vikao vya bajeti kama mpeleka majalada, na mpeleka majalada husikia mengi kwa sababu hakuna anayemwona. Mwaka baada ya mwaka, fungu la madaraja na makalavati lilipatikana kwa kuchukua la mwaka uliopita na kuliongeza kidogo. Mjumbe akiuliza kwa nini kiasi hiki, jibu lilikuwa "kutokana na hali halisi". Hali halisi ilikuwa kabatini kwangu na hakuna aliyeniuliza. Kisha mvua kubwa ikija, fungu likawa dogo, ikaombwa dharura, na fedha ya dharura nayo ilikuwa na mlango wake na jalada lake, kwa hiyo mwaka uliofuata haikuhesabika kwenye "la mwaka uliopita". Ile sehemu ya gharama iliyouma zaidi ndiyo iliyokuwa inasahaulika kwanza.

Kina mama wenzangu wataelewa haraka kwa kadi ya kliniki. Mtoto akipimwa leo akawa na kilo tisa, kilo tisa peke yake haimwambii nesi kitu. Nesi anaangalia mstari: mwezi uliopita alikuwa wapi, unapanda, umelala, au unashuka. Daraja nalo ni hivyo. Mkaguzi akiandika "wastani" mwaka huu, neno hilo halina maana mpaka ujue kwamba miaka miwili iliyopita lilikuwa "nzuri" na kwamba jirani yake, la umri uleule kwenye udongo uleule, limebaki "nzuri" hadi leo. Ukiwa na mistari ya madaraja mengi, unaanza kuhesabu. Tuseme kati ya makalavati 40 yaliyokuwa "nzuri", kwa kawaida matano hushuka kuwa "wastani" kila mwaka, na katika kila 20 ya "wastani" mawili huwa "mabaya". Hapo huhitaji mganga kukadiria kazi ya miaka mitatu ijayo. Wataalamu wana hesabu ndefu za jambo hili, lakini mzizi wake ni huo: kuhesabu wangapi walihama chumba.

Na fedha? Hapa nina ushauri ambao wahandisi wataniwia radhi. Msiandike shilingi peke yake. Shilingi inazeeka haraka kuliko zege. Hati ya malipo ya mwaka 2014 inayosema "ukarabati wa gabioni" na jumla yake chini hainisaidii leo, kwa sababu mfuko wa saruji, dizeli na kibarua vyote vimehama bei. Andikeni mita za ujazo za mawe, idadi ya makapu, mifuko, urefu wa nondo na kipenyo chake, siku za mtambo. Vipimo havipandi bei. Tuseme majalada ya wilaya yanaonyesha kwamba mwaka wa mvua za kawaida makalavati sita huhitaji kurudishiwa mawe, na mwaka wa mvua kubwa 15, na kila moja humeza kama mita za ujazo 40. Mnajua basi kwamba mwaka ujao mtahitaji kati ya mita 240 na 600. Zidisheni kwa bei ya leo. Nendeni kwenye kikao na namba mbili badala ya moja: hii ya mwaka wa kawaida tunaiomba sasa, na tofauti hii iwekwe akiba, ikitokea mvua kubwa haitatukuta tukipiga simu usiku. Mjumbe akiuliza kwa nini, fungueni jalada.

Nasisitiza majalada yetu wenyewe, kwa sababu kusini hatufanani na kwingine, na hata sisi kwa sisi hatufanani. Daraja lililo karibu na bahari, tuseme upande wa Mikindani au hapa kwenye ghuba ya Lindi, linapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Chumvi hupenya zege taratibu mpaka ifike kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo zege hupasuliwa kutoka ndani. Ukiona mstari wa rangi ya chai ukishuka ubavuni mwa nguzo, ugonjwa una siku nyingi. Daraja la Liwale halina habari na chumvi; adui wake ni mchanga wa korongo unaohama na magogo. Makadirio ya jumla yanayochanganya haya mawili yatampa wa pwani fedha pungufu na wa bara fedha asizojua pa kuziweka, au kinyume chake. Kuna mizigo pia. Tangu kiwanda cha saruji cha Mtwara kianze mwaka 2015, na tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kushuka kwa wingi kwenda bandari ya Mtwara, barabara ya Masasi imebeba magari ambayo waliojenga makalavati ya zamani hawakuyaona hata ndotoni. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56. Takwimu za mizani zipo. Nakala ya muhtasari wake ikiingia kwenye jalada la kila daraja la njia hiyo, mtu ataweza kuona kama uchovu wa daraja unaendana na mizigo au na maji.

Sina haja ya kuwakumbusha Mei 2024, lakini nitawakumbusha. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa mwezi ule, juu ya mvua ambazo zilikuwa zimeshailowesha ardhi, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, Mikereng'ende, Lingaula, Matandu. Sisi wa huku tukawa kisiwa. Aliyetaka kwenda Dar kwa gari alizunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, zaidi ya kilomita 1,000 badala ya zile 450 na kitu. Wenye umri wangu walikumbuka enzi za kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilipokuwa ni ya kuaga kabisa.

Kimbunga hakizuiwi na jalada. Ila korongo lilelile halianzi kuzidiwa siku ya kimbunga. Mwaka 2020, Januari, mafuriko yaliwakumba watu wa Kilwa, Njinjo na Nanjirinji wanayakumbuka. Kila furiko la namna hiyo huacha alama: mstari wa matope kwenye ukuta wa zahanati, takataka zilizonasa kwenye mti kwa urefu fulani, mzee anayeonyesha kidole akasema "yaliishia hapa". Alama hizo ni vipimo vya bure ambavyo mhandisi wa kuchora daraja jipya angelipia, na huoshwa na mvua ya mwaka unaofuata kwa sababu hakuna mahali pa kuziandika. Mwembe wa shule katika barua ya folio 14 ulikuwa kipimo. Aliyeutaja alikuwa amepima.

Mjukuu wangu anasoma uhandisi Dar es Salaam, na nilipomsimulia haya akanisomea kwenye simu habari za daraja moja la Marekani, kwenye Schoharie Creek, jimbo la New York. Lilianguka tarehe 5 Aprili 1987, watu 10 wakafa. Mto ulikuwa umechimba chini ya nguzo. Mawe yaliyopangwa kulinda misingi yalikuwa yamesombwa na mafuriko ya miaka iliyotangulia na hayakurudishwa ipasavyo. Nikamwambia, mjukuu wangu, hilo ndilo kalavati langu, limezidi ukubwa tu.

La pili alilonisomea ndilo lililonikosesha usingizi, maana linanisuta mimi mwenye kuhubiri majalada. Daraja la Fern Hollow, mjini Pittsburgh, lilianguka asubuhi ya tarehe 28 Januari 2022 likiwa na basi juu yake. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Siku hiyohiyo rais wao wa wakati huo, Joe Biden, alikuwa anakwenda mji huo kuzungumzia miundombinu. Daraja lile lilikuwa na jalada. Lilikuwa likikaguliwa, na mwaka baada ya mwaka wakaguzi waliandika kwamba njia za kutolea maji zimeziba, maji na uchafu vinalala kwenye miguu ya chuma, na kutu inaila. Mapendekezo yaliandikwa, yakarudiwa, hayakutekelezwa. Wakaguzi wangekuwa ofisini kwangu ningesema: dokezo limekwenda juu, halijarudi.

Kwa hiyo jalada peke yake halitoshi, nakubali, na nimelibadilisha ombi langu kidogo kwa ajili ya Fern Hollow. Kwenye kila jalada la daraja, ukurasa wa mbele kabisa, uwepo mstari wa mambo yaliyopendekezwa na bado hayajafanyika, na tarehe ya kwanza kupendekezwa. Tarehe ya kwanza. Pendekezo likirudiwa mwaka wa pili lisianze upya kama mtoto mchanga. Na kila Bodi inapokaa, kabla ya maombi ya barabara mpya ambayo najua huchukua siku nzima, yasomwe mapendekezo kumi yaliyokaa muda mrefu kuliko yote. Mwenyekiti ataona aibu mara ya kwanza. Mara ya tatu mameneja watakuja wamejiandaa.

Kuhusu kuanza, msiogope wingi. Msianze na madaraja yote. Chukueni njia moja inayobeba korosho, ambayo kila Oktoba minada ikifunguliwa malori yanapanga foleni, na mvua ikianza Novemba au Desemba kila mtu anajua kutakuwa na tabu. Orodhesheni kila kivuko cha maji kwa kilomita yake na kwa jina ambalo wenyeji wanaliita, si lile la kwenye ramani peke yake, kwa sababu barua za vijiji zitatumia jina la wenyeji, na majina mawili ndiyo njia ya haraka ya kulipoteza jalada. Kisha fanyeni nilichofanya na kaunta buku: ingieni masijala, mnakili yaliyopo. Hamna watu? Mtwara kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na vijana wa utunzaji kumbukumbu kila mwaka wanatafuta pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Wengine huja ofisini wakatumwa chai na kufotokopi. Wapeni majalada ya miaka 15 na njia moja. Kazi ya wiki chache itawapa historia ambayo hakuna mshauri mwelekezi atakayewauzia kwa bei hiyo.

Yanayotakiwa kuandikwa si mengi. Tarehe ya kazi, na hapa namaanisha siku mawe yalipopangwa, si siku ya kusaini mkataba. Mwaka wa fedha unaanza Julai, mvua zinaanza mwisho wa mwaka, na katikati hapo kuna dirisha dogo la kuzibua mabomba yakiwa makavu. Mkizitazama tarehe halisi za kazi kwa miaka kadhaa mtagundua wenyewe ni mara ngapi mzibuaji alifika korongoni pamoja na maji. Kingine ni sababu. Fomu nyingi nilizoziona zina nafasi ya "kazi iliyofanyika" na hazina nafasi ya "kilichosababisha". Gabioni iliyoanguka kwa sababu waya uliliwa na kutu, iliyoanguka kwa sababu mawe yalikuwa madogo, na iliyoanguka kwa sababu maji yalipita juu ya barabara ni magonjwa matatu, na bei zake za kupona haziko karibu. Picha nazo zipigwe kutoka palepale kila mara. Wekeni hata jiwe lenye rangi nyeupe la kusimama. Nimeona picha nzuri sana za madaraja ambazo huwezi kujua ni ya mwaka gani wala upande upi, na moja ilikuwa na mkandarasi katikati akitabasamu, daraja lote liko nyuma ya tumbo lake.

Yapo mambo mawili nayaogopa, na afadhali niyaseme mimi kabla hamjayasema ninyi.

La kwanza, jalada jembamba litadanganya. Kalavati lenye karatasi mbili tu halimaanishi kwamba ni imara. Huenda hakuna aliyewahi kufika. Na lenye jalada nene huenda ndilo linalotunzwa vizuri kuliko yote. Mkitumia wingi wa karatasi kuamua lipi lipewe fedha, mtamwadhibu anayeandika, na mwaka wa pili hakuna atakayeandika. La pili ni neno "nzuri". Mkaguzi aliyechoka, pikipiki haina mafuta, atanakili la mwaka jana. Nimeona "nzuri" ikinakiliwa mpaka na kosa lake la herufi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya kienyeji: mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wasaini kwamba mkaguzi alifika, na wapewe mstari mmoja wa kuandika walichokiona wao. Mstari huo usipelekwe kwenye malalamiko. Uingie kwenye jalada la daraja.

Na daraja likisombwa, jalada lake lisifungwe wala lisiteketezwe. Nalisema kwa sababu nimeshika majalada ya namna hiyo yakiwa kwenye rundo la kuchomwa, "mali haipo tena". Hayo ndiyo yenye thamani kuliko yote. Yanaeleza kilichotangulia kabla ya kifo.

Kuna ombi moja ambalo halihitaji kupekua chochote cha zamani. Baada ya mafuriko yale ya Mei 2024, madaraja mapya yalianza kujengwa kwenye njia ya Somanga hadi Lindi. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi nayo inakuja na Daraja la Mwiti. Haya ni watoto wachanga. Mfungulieni kila mmoja jalada siku ya makabidhiano, na mkandarasi asilipwe hati ya mwisho mpaka michoro ya jinsi lilivyojengwa kweli, si jinsi lilivyopangwa kujengwa, iwe humo ndani: kina cha misingi, unene wa zege juu ya nondo, aina ya mawe na yalikotoka. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Mto Ruvuma, limefunguliwa mwaka 2010 na sasa limeshakuwa kijana. La Mkapa, ingawa liko Pwani, ndilo koo letu sote wa kusini, nalo limepita miaka 20. Umri huo ndio viungio na beringi (vile vipande vinavyolibeba daraja juu ya nguzo) huanza kudai haki yao, na wakati huo mtu atatafuta karatasi za siku ya kwanza.

Fedha za kazi hizi zinatoka Mfuko wa Barabara, na kila anayeweka lita kwenye bodaboda yake anachangia, tena tangu mwaka 2021 kwa nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Dereva wa bodaboda wa Mnazi Mmoja hataki kuona zege. Anataka kujua mia yake ilikwenda korongo lipi. Kwa majalada ya mkataba hamwezi kumjibu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao walikuwa wanazungumzia duka la chumvi na mafuta ya taa.

Kaunta buku langu ninalo. Nililinakili mara mbili, nakala moja niliiacha ofisini siku ya kuagwa, juu ya meza, pembeni ya keki. Iko jalada gani sasa, Mungu ndiye ajuaye. Hii nyingine nitaileta mwenyewe katika kikao chenu kijacho ikiwa mtaniruhusu kuingia kwa dakika kumi, na nitaiacha mapokezi kama hamtaniruhusu. Naomba tu igongwe mhuri wa kupokelewa, ipewe folio, na isiwekwe kwenye malalamiko.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Mingoyo, Lindi.

Nakala: Watendaji wa vijiji wote wenye korongo.